Namna Bahari Inavyotumika Kutabiri Vuli ya Unguja na Pemba

Utabiri wa mvua za msimu katika visiwa vya Unguja na Pemba ni kazi ya kukadiria, mwezi Agosti, iwapo mvua za Vuli zitakazonyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba zitazidi zile za kawaida, zitalingana nazo au zitapungua, wakati ambapo hakuna hata wingu moja la mvua hizo lililokwisha kujikusanya. Kwa mtazamo wa kwanza kazi hiyo inaonekana haiwezekani, kwa kuwa tangu Edward Lorenz alipochapisha uchunguzi wake wa mwaka 1963 imefahamika kwamba makosa madogo katika vipimo vya anga hukua haraka kiasi cha kuufanya utabiri wa hali ya hewa ya siku moja moja upoteze thamani baada ya wiki mbili hivi. Wataalamu huikwepa pingamizi hiyo kwa kutoiuliza anga itafanya nini tarehe fulani, na kuiuliza bahari imeiegemeza anga upande gani kwa muda wa miezi mitatu. Uchambuzi huu unaeleza namna swali hilo lilivyopatikana na namna linavyojibiwa, na unaonyesha kwamba ubora wa jibu hutegemea msimu wenyewe zaidi kuliko ustadi wa mtabiri, kiasi kwamba utabiri wa Vuli na ule wa Masika, ingawa hutolewa kwa lugha ileile, haustahili kusomwa kwa imani ileile.

Misimu na upepo

Mwaka wa pwani hugawanywa na pepo mbili. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini kuanzia Aprili hadi baada ya Septemba, na kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, na kati ya pepo hizo huwapo vipindi vya mpito ambavyo mabaharia waliviita tangambili. Katika vipindi hivyo ukanda mvua, yaani mkanda wa mawingu unaojengeka pale pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana, hupita juu ya Afrika Mashariki ukilifuata jua: unapokwenda kaskazini huleta Masika ya Machi hadi Mei, na unaporudi kusini huleta Vuli. Wenyeji walizipanga nyakati hizo kwa kalenda ya Nairuzi, ambayo huuhesabu mwaka wa jua kwa miongo, yaani makumi ya siku, ili mkulima ajue mwongo wa kulima na nahodha ajue mwongo wa kutweka tanga.

Kalenda ya miongo ilikuwa na kazi ambayo wataalamu wa leo huipa takwimu za tabianchi, yaani kueleza kinachotarajiwa kwa kawaida katika kila kipindi cha mwaka. Kinachobaki nje ya kalenda yoyote ni tofauti kati ya mwaka mmoja na mwingine, na hapo ndipo utabiri wa msimu unapoanzia. Tofauti hiyo ni kubwa zaidi katika Vuli kuliko katika Masika: Masika huleta mvua nyingi zaidi kwa wastani, lakini Vuli ndiyo inayoweza kuanguka karibu na ukame mwaka huu na kugeuka mafuriko mwaka ujao.

Kumbukumbu iliyo majini

Bahari huweza kuiongoza anga kwa sababu maji huhifadhi joto kwa wingi kuliko hewa. Tabaka la maji lenye kina cha mita tatu hivi huhitaji joto linalokaribiana na lile linalohitajiwa na anga yote iliyo juu yake ili kupanda nyuzi moja ya Selsiasi, na kwa hiyo eneo la bahari lililopata joto kupita kiasi mwezi Julai haliwezi kulipoteza lote kabla ya Oktoba. Joto hilo huendelea kuipa hewa mvuke na kuisukuma ipande juu, na mahali hewa inapopanda ndipo mawingu ya mvua yanapojengeka, ilhali mahali inaposhuka mawingu hukosa nguvu ya kukua.

Katika mwaka wa kawaida, mzunguko wa hewa juu ya Bahari ya Hindi hauipendelei pwani ya Afrika wakati wa Vuli. Maji yaliyo karibu na Indonesia huwa na joto zaidi, hewa hupanda huko, hurudi magharibi katika tabaka za juu na kushuka juu ya Afrika Mashariki, huku upepo wa chini kwenye ikweta ukivuma kutoka magharibi kwenda mashariki na kuupeleka mvuke mbali na pwani. Mpangilio huo hueleza kwa nini Vuli huwa ya wastani tu ingawa ukanda mvua unapita.

Katika miaka fulani mpangilio huo hugeuka. Pepo kutoka mashariki hushika nguvu kwenye ikweta na kando ya Sumatra na Java, maji baridi ya vilindini hupanda juu katika pwani za visiwa hivyo, na maji ya joto hukusanyika upande wa magharibi; tofauti ya joto inayotokea huziongezea nguvu pepo zilezile zilizoianzisha, hadi hali yote inajiimarisha yenyewe. Hewa sasa hupanda upande wa Afrika na kushuka upande wa Indonesia, na mvuke huletwa pwani badala ya kuondolewa. Hali hiyo huitwa Daipoli ya Bahari ya Hindi katika awamu yake chanya, neno daipoli likimaanisha ncha mbili zinazokinzana, na kinyume chake, yaani mashariki kuwa na joto la ziada na magharibi kupoa, huitwa awamu hasi.

Daipoli hupimwa kwa namba moja. Huchukuliwa mkengeuko wa joto la uso wa bahari, yaani tofauti yake na wastani wa miaka mingi, katika eneo la magharibi lililo kati ya longitudo 50 na 70 mashariki na kati ya latitudo 10 kusini na 10 kaskazini, kisha hutolewa mkengeuko wa eneo la mashariki lililo kati ya longitudo 90 na 110 na kati ya ikweta na latitudo 10 kusini. Visiwa vya Zanzibar, vilivyo kwenye longitudo 39 hadi 40, viko nje ya maeneo yote mawili, jambo linaloonyesha kwamba mtabiri huangalia mteremko wa joto katika upana wote wa bahari, na kwamba joto la maji yanayozunguka visiwa vidogo kama Chumbe au Misali pekee halimtoshi.

Namna uhusiano ulivyogunduliwa

Mbinu yenyewe ina umri wa zaidi ya karne moja. Gilbert Walker, aliyekuwa mkuu wa idara ya hali ya hewa ya India kuanzia mwaka 1904, alitafuta njia ya kutabiri mvua za monsuni ambazo kukosekana kwake kulikuwa kumeleta njaa, na kwa kulinganisha kumbukumbu za vituo vya sehemu nyingi za dunia alibaini kwamba mgandamizo wa hewa upande mmoja wa Pasifiki hupanda unaposhuka upande wa pili. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes aliuunganisha ugunduzi huo na El Niño, yaani kupata joto kusiko kwa kawaida kwa maji ya Pasifiki ya kati na ya mashariki, akaonyesha kwamba bahari na anga huendeshana.

El Niño kubwa ya mwaka 1982 na 1983 ilikuwa imeanza kukua kabla wanasayansi hawajaitambua, na somo hilo likachochea mpango wa kimataifa wa miaka 1985 hadi 1994 uliotandaza maboya ya vipimo kwenye ikweta ya Pasifiki. Bahari ya Hindi ilisubiri zaidi. Daipoli ilielezwa rasmi mwaka 1999, katika makala mbili za jarida la Nature, moja ya Saji na wenzake na nyingine ya Webster na wenzake, baada ya matukio ya mwaka 1997 kuonyesha kwamba bahari hii ina tabia yake yenyewe. Mtandao wa maboya wa Bahari ya Hindi uitwao RAMA ulianza kujengwa mwaka 2004, na vielea vya Argo, ambavyo huzama hadi mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku 10 hivi ili kutuma vipimo vya joto na chumvi, vilianza kuonyesha joto lililofichika chini ya uso, ambalo setilaiti haiwezi kuliona.

Hatua za kutengeneza utabiri

Njia ya kwanza ni ya kitakwimu. Mchambuzi hukusanya jumla za mvua za Oktoba hadi Desemba kutoka vituo kama vile vya viwanja vya ndege vya Kisauni na Chake Chake kwa miaka isiyopungua 30, akazipanga sambamba na joto la bahari la Julai au Agosti la miaka hiyohiyo, kisha akatafuta mlinganyo unaoyaunganisha. Nguvu ya uhusiano hupimwa kwa mgawo wa uwiano, ambao huwa sifuri pasipo na uhusiano na huwa moja pale vitu viwili vinapopanda na kushuka pamoja bila kuachana. Lakini mgawo wa 0.6, kwa mfano, hueleza asilimia 36 tu ya mabadiliko ya mvua, kwa kuwa kinachoelezwa ni mraba wa mgawo huo.

Hatari kubwa ya njia hii ni bahati inayofanana na maarifa. Mchambuzi akijaribu maeneo 40 ya bahari kwa kipimo kinachoruhusu kosa la asilimia tano, maeneo mawili hivi yataonekana kuwa na uhusiano na mvua hata kama hayana wowote. Kinga ya kwanza ni kudai kila uhusiano uwe na sababu ya kifizikia inayoeleweka, na kinga ya pili ni uhakiki wa kuacha nje, ambapo mwaka mmoja huondolewa kwenye takwimu, mlinganyo huundwa kwa miaka iliyobaki, kisha mwaka ulioondolewa hutabiriwa kana kwamba haujawahi kutokea, na kazi hiyo hurudiwa hadi kila mwaka upate zamu yake.

Njia ya pili ni ya modeli za kompyuta, ambazo hukokotoa mwendo wa bahari na wa anga kwa kanuni za fizikia. Mfumo wa SEAS5 wa kituo cha Ulaya cha utabiri, ulioanza kutumika mwaka 2017, huendesha mikokotoo 51 inayoanza na tofauti ndogondogo, ili mtawanyiko wa majibu uonyeshe kiasi cha shaka: mikokotoo mingi ikielekea upande mmoja, ishara ya bahari ina nguvu, na ikitawanyika kila upande, bahari haina la kusema. Modeli nazo zina upendeleo wake, kwani nyingi huyapoza kupita kiasi maji ya pwani ya Sumatra na hivyo kuikuza Daipoli, na kwa sababu hiyo matokeo yake hulinganishwa na utabiri uliotengenezwa kwa miaka iliyopita ili upendeleo huo upunguzwe kabla ya kutangazwa.

Majibu ya njia hizo hukutanishwa katika jukwaa la kikanda la tabianchi linaloratibiwa na ICPAC, kituo cha utabiri cha jumuiya ya kikanda ya IGAD, ambalo lilikutana kwa mara ya kwanza jijini Nairobi mwezi Februari 1998 na ambalo Tanzania hushiriki. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kisha hutoa mwelekeo wa msimu wa kitaifa, ambamo Unguja na Pemba huwekwa katika ukanda wa pwani ya kaskazini pamoja na maeneo kama Tanga na Dar es Salaam.

Utabiri hutolewa kwa makundi matatu. Vuli 30 za kipindi cha rejea, kwa mfano 1991 hadi 2020, hupangwa kuanzia yenye mvua kidogo hadi yenye mvua nyingi. 10 za chini huweka mpaka wa chini ya wastani, 10 za juu huweka mpaka wa juu ya wastani, na 10 za katikati huitwa wastani. Pasipo habari yoyote kutoka baharini, kila kundi lina uwezekano wa asilimia 33 hivi. Kazi yote ya mtabiri ni kuusogeza mgao huo, tuseme kuwa 50 kwa juu ya wastani, 30 kwa wastani na 20 kwa chini ya wastani. Mgao wa namna hiyo husema wazi kwamba katika kila miaka 10 inayotangaziwa hivyo, miaka miwili inatarajiwa kuwa na mvua haba, na ukame ukitokea katika mmoja wa miaka hiyo, utabiri haukukosea.

Ushahidi wa miaka

Miaka michache ya kumbukumbu huonyesha kwa nini Daipoli ilipewa uzito kuliko El Niño katika kutabiri Vuli. Mwaka 1961, bila El Niño yenye nguvu, Daipoli chanya ilileta mvua kubwa sana Afrika Mashariki, na Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita mbili hadi kufikia 1964. Mwaka 1997 Daipoli chanya na El Niño kubwa zilikutana, na eneo lote likapata mafuriko. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu zinazokaribiana na zile za 1997, na wengi walitarajia mafuriko kama yale, lakini Daipoli ilikuwa dhaifu zaidi na mafuriko ya kiwango hicho hayakutokea katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu na hali ya kawaida, lakini Daipoli ilifikia kiwango cha juu kuliko ilivyowahi kupimwa kwa miongo kadhaa, na mvua kubwa zikanyesha. Kwa upande wa ukame, La Niña, ambayo ni kinyume cha El Niño, ilikutana na Daipoli hasi mwaka 2010 na tena mwaka 2022, na Vuli ikadhoofika katika sehemu kubwa ya kanda.

Ukiipanga miaka hiyo pamoja, huonekana kwamba El Niño hufanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kupitia Bahari ya Hindi: huongeza uwezekano wa Daipoli chanya kutokea, na pale Daipoli isipoitika, athari yake kwa Vuli hupungua. Mtabiri anayesoma Pasifiki peke yake, kwa hiyo, husoma chanzo cha mbali huku akikiruka kiungo kinachoifikisha athari hiyo pwani.

Mahali mbinu inapoishia

Masika huikosesha mbinu hii nguzo zake zote. Daipoli hufa kila mwaka Desemba inapokaribia, kwa kuwa kubadilika kwa upepo wa msimu karibu na Sumatra hukata mzunguko ulioiimarisha, na El Niño au La Niña kwa kawaida huwa inadhoofika kati ya Machi na Mei, miezi ambayo pia utabiri wa Pasifiki huwa mgumu kuliko wakati mwingine wowote. Kinachobaki kuiongoza Masika ni vitu vya muda mfupi zaidi, kama wimbi la Madden na Julian, ambalo ni mkusanyiko mkubwa wa mawingu unaotembea kuelekea mashariki na kuizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60, na vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambavyo kwa kutegemea mahali vilipo huweza kuvuta unyevu mbali na pwani au kuuleta. Machi, Aprili na Mei pia hazifuatani kwa tabia, kiasi kwamba jumla ya miezi mitatu huficha mienendo inayopingana. Kwa Masika, utabiri wa wiki mbili hadi nne unaofuatilia wimbi hilo na vimbunga huweza kumsaidia mkulima wa mpunga zaidi kuliko tangazo la msimu lililotolewa Februari.

Mpaka wa pili ni udogo wa visiwa. Modeli yenye gridi ya kilomita 36 huigawa dunia katika miraba yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,296, ilhali Unguja nzima ina takriban kilomita za mraba 1,660 na Pemba 980 hivi, kwa hiyo Pemba nzima ni ndogo kuliko mraba mmoja, na mraba unaoibeba umechanganywa na bahari. Katika kisiwa cha Réunion, ambacho kilele chake hufikia mita 3,070, milima huamua upande wa mvua na upande wa ukavu, na mwelekeo wa upepo ukijulikana mgawanyo wa mvua hukadirika. Unguja haina hata kilima kinachofikia mita 150, na tofauti ya mvua kati ya magharibi yenye udongo mzito na mashariki yenye mawe ya matumbawe hutokana kwa sehemu na upepo wa bahari na wa nchi kavu, ambao gridi ya namna hiyo haiuoni. Setilaiti nazo hukadiria mvua kwa ubaridi wa vilele vya mawingu, na hivyo hupunguza kiasi cha mvua inayotoka katika mawingu mafupi yenye joto, ambayo ni ya kawaida pwani. Vipimo vya mvua vya ardhini, vinavyosomwa kila siku bila kukatika, ndivyo vinavyobaki kuwa msingi wa kuuteremsha utabiri kutoka ukanda hadi shehia.

Mipaka hiyo haiondoi faida, mradi kila mtumiaji aupime mgao wa uwezekano kwa gharama yake mwenyewe. Mwenye karafuu Pemba na mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani huhitaji jua la kuanika, hivyo Vuli inayoelekea juu ya wastani huwaelekeza watayarishe mahali pa kufunika na kukaushia, wakati mamlaka za maji, zinazotegemea maji ya chini ya ardhi yanayojazwa na mvua, huogopa zaidi uwezekano wa chini ya wastani. Mtu mwenye hasara ndogo ya kujiandaa na hasara kubwa ya kutojiandaa ana sababu ya kuchukua hatua hata kwa uwezekano wa asilimia 40, na yule ambaye maandalizi yake ni ghali anaweza kusubiri hadi ishara iwe na nguvu zaidi.

Kwa sababu hiyo, tangazo la msimu lingekuwa na manufaa zaidi kama kila mgao wa uwezekano ungeambatana na rekodi ya msimu husika katika kituo husika: ni mara ngapi kundi lililopewa nafasi kubwa ndilo lililotokea, na je, miaka iliyotangaziwa asilimia 50 ilitimia kwa nusu kweli. Rekodi hiyo ingemwonyesha msomaji wa Unguja kwamba mwezi Agosti bahari humpa habari anazoweza kuzipangia kazi, na kwamba mwezi Februari, katika miaka mingi, mgao wa makundi matatu husogea kidogo tu kutoka theluthi tatu zilizo sawa, yaani hausemi zaidi ya kile ambacho kalenda ya miongo ilikuwa imekwisha kumwambia.